Kwa Nini Uwanja wa Ndege wa Mwanshola Hutembewa kwa Miguu

Hapa mnapoona lami na taa, na madege yanayotoka nchi za watu, zamani palikuwa malisho. Nawaambia nyinyi vijana mlioajiriwa juzi, ambao asubuhi nimewasikia mkinung'unika eti mnatembezwa uwanja mzima ilhali gari la ukaguzi limeegeshwa tu. Kaeni mnisikilize, kisha mnung'unike mkipenda.

Enzi hizo ndege ilikuwa moja, ndogo, ya madaktari, nayo ilitua kwenye nyasi. Sisi wa bondeni tulikaa upande huu, wa kilimani upande ule, na ng'ombe wa wote walilisha hapa katikati. Wazee wakapatana kwamba kuwaondoa ng'ombe ndege ikija kuwe kwa zamu: mwezi mmoja wetu, mwezi mmoja wao, na zamu ibadilike mwezi ukiandama. Halikuwa jambo gumu, na kwa miaka mingi hakuna aliyelikosea.

Ikaja masika moja mbaya. Mawingu yalifunga mbingu, mwezi usionekane. Wa kilimani wakasema umeshaandama, zamu ni ya bondeni. Sisi wa bondeni tukasema hatujauona, zamu bado ni ya kilimani. Kutegeana ni ugonjwa, wajukuu zangu, na hauumi mpaka umeshaua.

Siku hizo Minza, mke wa Shigela wa kilimani, alishikwa na uchungu na mtoto akakataa kutoka. Mkunga alijaribu yote akashindwa. Watu wa misheni ya jirani wakaita ndege kwa redio, ikaja adhuhuri, tukaisikia sote. Aliyekuwa akipalilia aliinua kichwa, akajisemea wenye zamu wataenda, akaendelea kupalilia. Ndege ilizunguka, ikashuka, ikaona migongo ya ng'ombe, ikapaa tena. Ilifanya hivyo mpaka mafuta yakapungua, ikaenda zake. Shigela alikuwa ndani, amemshika mkewe mkono.

Minza alikufa kabla jua halijatua, na mtoto wake tumboni. Tulimzika sote, watu wa pande zote mbili, na hakuna aliyethubutu kumtazama mwenzake usoni. Uchungu ule ulitukaa. Shigela hakumlaani mtu. Kesho yake alionekana malishoni peke yake, akitembea toka ncha hadi ncha na kufukuza ng'ombe, ingawa hapakuwa na ndege iliyotarajiwa. Siku iliyofuata mzee mmoja wa bondeni aliingia kwa ncha ya pili, wakakutana katikati.

Miaka ikapita. Serikali ikaleta changarawe, halafu lami, halafu uzio na jengo la forodha. Uwanja ukawa wa kimataifa. Wahandisi wakamwambia Shigela, mzee sasa, kwamba apumzike, uzio upo na ng'ombe hawaingii tena. Aliwasikiliza kwa adabu, kisha akasema, “Wanangu, hata siku ile hakuna aliyekataa kwenda. Kila mtu alidhani yupo mwingine.” Wakaliandika neno lake katika kanuni za uwanja.

Na tangu siku hiyo, kila asubuhi kabla ya ndege ya kwanza, mtu mmoja huanzia ncha ya bondeni na mwingine ncha ya kilimani, kwa miguu. Wakikutana katikati, mmoja huuliza, “Kwako umepaona?” Mwenzake hujibu, “Nimepaona mwenyewe.” Mpaka jibu hilo lisemwe, hakuna ndege inayotua Mwanshola, hata iwe imembeba nani.