Bakuli la Maji ya Josho

Hapo zamani za kale, viboko walipokuwa wakifuga ng'ombe na mbwa wakiajiriwa kazi, Mama Kiboko alikuwa na ndama kumi na mmoja na mlinzi mmoja tu, mbwa aliyeitwa Komando.

Komando alikuwa na kifua kipana na sauti ya kutikisa mabati. Wezi wote walimwogopa. Kilichomshinda ni kupe. Walimjaa masikioni, kwapani, hadi katikati ya vidole. Kutwa nzima alijikuna, kwaru! kwaru! kwaru!

Stoo alikaa Nguchiro, mkamata panya. Alikuwa mdogo hivi kwamba alilala ndani ya buti moja la Mama Kiboko, na nafasi ya mgeni ikabaki.

Kila Alhamisi ng'ombe waliogeshwa joshoni. Kama hujaliona josho, ni handaki refu la saruji lililojaa maji yenye dawa ya kuua kupe. Ng'ombe anaingia huku, chubwi! Anaogelea, anatokea kule.

Alhamisi moja, jua likiwaka, ng'ombe wa mwisho alipotoka tu, akaja mgeni. Alivaa koti jeupe na kofia pana iliyomfunika hadi machoni, na alinuka mzoga.

"Hodi hodi! Mimi ni bwana mifugo."

"Karibu, daktari, karibu sana!" alisema Mama Kiboko. Mama huyu akiona koti jeupe, basi, akili yote inakwenda likizo.

"Mlinzi wako anateseka, mama. Ng'ombe mnawaogesha, yeye je? Sikilizeni utaalamu: ng'ombe huogeshwa kwa nje, mbwa hunyweshwa, dawa imwingie ndani." Akachota maji ya josho, bakuli tele. "Kunywa, kijana! Kupe watadondoka pu! pu! pu! Kisha ulale kidogo, mimi nitakuangalizia ndama."

Komando akatoa ulimi kwa furaha.

Nguchiro akaona kucha zilizochungulia kwenye mikono ya koti. Fisi! Alimpenda Komando, ingawa hakuwahi kumwambia.

"Kaka Komando, usinywe! Juzi chura aliyanywa maji hayo, akapinduka miguu juu!"

"Chura ni chura, mimi ni Komando," mbwa akanguruma. "Nenda zako, wewe wa kulala kwenye viatu!"

Nguchiro akaona huyu haambiwi, huyu anazungukwa tu. Akageuka, akainama kwa adabu zote.

"Samahani, daktari. Dawa ni nzuri kweli. Ila hapa kwetu, anayemkaribisha mwenzake kinywaji huonja kwanza, kuondoa shaka. Iwe togwa, iwe maziwa. Si ndivyo, mama?"

"Ndivyo!" alisema Mama Kiboko. "Onja, daktari, usiivunjie nyumba yangu heshima."

"Aa... mimi sina kupe."

"Na huyo anayekupanda shingoni?" Nguchiro akauliza.

Fisi akajikuna bila kutaka. Kwaru!

"Leo nimefunga."

"Ala! Na ule mfupa uliokuwa ukiutafuna pale getini?"

Komando akaacha kutikisa mkia. "Onja, daktari. Kidogo tu."

Fisi akainua bakuli, akafumba macho, akajaza mashavu upepo. Glu, glu!

"Koo halijasogea!" Nguchiro akapiga kelele. "Mama, koo halijasogea!"

"Onja!" alinguruma Komando.

"Onja!" alifoka Mama Kiboko.

Fisi akarudi nyuma hatua moja. Akarudi ya pili. Na nyuma yake kulikuwa na nini, watoto? Chubwiii!

Aliogelea josho zima, pua juu, macho yamemtoka, mdomo ameubana kwa nguvu zote. Kofia ikaelea, masikio ya mviringo yakaonekana.

"Kumbe Fisi!" alisema Mama Kiboko.

"Na mbona amebana mdomo?" Nguchiro akauliza kwa upole. "Si dawa nzuri hiyo?"

Hapo Komando akaelewa. Fisi alipotokea upande wa pili alikuta fimbo ya Mama Kiboko inamsubiri. Pwaa! Akaliacha koti, akakata mbuga bila kuaga. Kupe wake walikufa wote, hilo simnyimi.

Komando akaketi chini. "Ningelinywa lile bakuli lote, mdogo wangu. Na ndama wangeliwa nikiwa nimelala pale, maiti."

"Najua, kaka. Tulia sasa, lete sikio."

Nguchiro akaanza kumng'oa kupe kwa meno, mmoja mmoja, na Komando, jitu zima, akatulia akitokwa na machozi.

Nami hapo ndipo nilipowaacha, nikaja kuwaambia nyinyi: dawa ya josho ni ya ng'ombe, na anayekuhimiza unywe kile asichothubutu kukionja hakutakii mema.