Mshambuliaji Aliyesimama Tu

Wapendwa, kaeni vizuri. Leo nina habari ya mpira, na nawaona akina mama mmeshaanza kunong'onezana hata sijafungua mdomo. Vumilieni kidogo. Na ninyi akina baba mliokaa nyuma karibu na mlango, mkiwaza mechi ya jioni, tulieni. Hii inawahusu.

Kulikuwa na timu moja ya mji mdogo, mji wa baridi kama huu wetu. Tangu iundwe ilikuwa haijawahi kupanda daraja. Mwaka huo, kwa jasho na kwa bahati, ikafika mechi ya mtoano. Mechi moja tu, tena nyumbani. Ukishinda unapanda, ukifungwa unarudi kule kule kwenye viwanja ambako mbuzi wanakatiza na refa anasubiri wapite. Mji mzima ulichanganyikiwa. Fundi cherehani aliacha sare za shule za watoto wa watu akawa anashona bendera.

Basi, wiki hiyo hiyo ya mechi, wachezaji wakaanza kuanguka mmoja mmoja. Kipa akateguka bega. Nahodha, ambaye ndiye beki wa kati, goti likavimba. Kiungo wao mzuri kuliko wote akavunjika kidole cha mguu, na hakuvunjikia uwanjani, alijigonga kwenye kizingiti cha nyumba yake mwenyewe. Mzee Mwangoka, usicheke, yangeweza kukupata na wewe.

Likabaki tumaini moja. Walikuwa na mshambuliaji ambaye mashabiki walimwita Radi, kwa jinsi alivyokuwa na mbio. Mwaka uliotangulia aliwafunga hao hao wapinzani mabao matatu katika mechi moja. Sasa, katika mazoezi ya mwisho, mazoezi ya kujifungia ambayo hakuna mgeni aliyeruhusiwa kuangalia, Radi akakimbilia mpira, akapiga kelele, akakaa chini ameshika paja. Msuli umechanika. Kocha akahesabu waliobaki wazima: kumi, pamoja na kipa wa akiba.

Timu ile ilikuwa na kamati. Wanaume mnajua ninachosema, msijifanye wageni. Kamati ya namna hiyo haifundishi mpira. Kazi yake ni masharti ya kiganga: leo tusipite geti kubwa, turuke ukuta, leo jezi zisifuliwe, leo fulani asikanyage nyasi. Na sharti lao kubwa kuliko yote lilikuwa hili, kwamba majeruhi ana nuksi. Mchezaji akiumia haingii kambini, hakai benchi, hagusi jezi mpaka apone. Kipa na nahodha na yule wa kidole walikuwa wamekwisha kurudishwa makwao, na hakuna aliyewapelekea hata uji.

Mwenyekiti wa kamati akaja kambini. "Kocha, huyu Radi naye aende kwao. Kambi itachafuka."

"Radi anacheza," kocha akasema.

"Anacheza? Kwa mguu upi? Kocha, wewe mzima kweli?"

"Hatakimbia. Atasimama tu mbele, karibu na kipa wao."

Mwenyekiti akacheka mpaka akakohoa. "Yaani unatuletea nuksi halafu unaivalisha jezi! Tukifungwa, utaondoka mji huu kwa miguu, na mabegi tutakutupia barabarani."

"Sawa, nitaondoka. Lakini kesho Radi anaingia, na anapita geti kubwa, maana kwa mguu ule hawezi kuruka ukuta wenu."

Kocha akaenda kwa Radi. Alimkuta amelala kifudifudi, na barafu imefungwa kwenye paja kwa kitenge. Akamweleza. Radi akakataa.

"Kocha, naomba usinifanyie hivyo. Mimi watu wananijua kwa mbio. Sina kingine. Nikisimama mbele ya mji mzima kama nguzo ya umeme, kesho nitapita wapi?"

"Watakutukana," kocha akasema. "Sikufichi. Watakutukana wewe na waliokuzaa."

"Sasa mimi nitasaidia nini?"

"Wale jamaa hawajui kuwa umeumia. Wanajua jina lako tu. We simama. Ila ukikimbia hata kidogo, ule msuli unakwisha kabisa na mpira wako umekwisha, kwa hiyo nitakutoa hapo hapo na tutabaki kumi. Umenielewa?"

Asubuhi Radi alivaa njumu huku ameuma meno.

Kabla hamjaniuliza, ngoja niwajibu: hapana, huu si udanganyifu. Jina lake liliandikwa, jezi alivaa, refa alimwona. Hakuna sheria ya mpira inayosema lazima mtu akimbie. Ingekuwepo, baadhi ya washambuliaji mnaowashangilia ninyi wangekuwa jela.

Kipenga kikapigwa. Radi akaenda polepole mpaka mbele ya lango la wageni, akasimama, mikono kiunoni. Mara moja mabeki wawili wakaja, mmoja huku, mmoja huku, wakamkaba mpaka jasho lao likawa linamdondokea. Kocha wao alikuwa amewaambia: "Huyo msimwache hata akienda chooni." Wanaume wawili wazima, wenye nguvu, wenye miguu minne isiyo na kidonda, wamesimama wanamchunga mgonjwa. Kule kwingine uwanjani, wazima kumi wanacheza na tisa. Mnaona hesabu hiyo? Kocha aliiona. Mashabiki hawakuiona.

Mashabiki waliona mtu amesimama. Dakika za mwanzo wakanyamaza, wakidhani anavizia. Kisha mpira ukapigwa mrefu, ukadunda mbele ya Radi, hatua chache tu kutoka alipo, na mbele yake amebaki kipa tu. Uwanja mzima ukasimama: "Radi! Radi! Radi!" Na Radi akautazama ule mpira unavyopita. Mguu wake mmoja ulikwishaanza kwenda, akauzuia. Mpira ukatoka nje.

Loo! Yalimpata makubwa. "Mzigo huyo!" "Mtoeni!" "Umekula rushwa!" Mwanamke mmoja muuza ndizi, ambaye kila siku alikuwa akimpa ndizi bure, alipanda juu ya ubao akapaza sauti: "Nirudishie ndizi zangu!" Radi alilia, wapendwa. Alilia wazi wazi, akijifuta kwa jezi, na wale mabeki wawili wakatazamana wakaambiana, "Usimwamini, anatutega."

Wakaenda mapumziko hawajafungana. Radi akamwendea kocha. "Nitoe. Sitaki tena. Umesikia wanavyomtaja mama yangu?"

"Nimesikia. Niambie, wanaokukaba wako wangapi?"

"Wawili. Tangu mwanzo."

"Basi rudi."

Kocha hakumpa maneno mengine ya kumtia moyo, wala hakuna aliyemkumbatia. Radi akarudi akasimama pale pale.

Kipindi cha pili wazima kumi wakaanza kuchoka. Kipa wa akiba aliokoa moja kwa mkono na moja kwa uso. Zikiwa zimebaki dakika chache, Radi akaishiwa kabisa. Paja linawaka moto, koo limekauka. Mpira uko mbali, kwenye nusu ya timu yake. Akageuka akaanza kuchechemea kwenda pembeni, kwenye mstari, kuomba maji ya kunywa. Maji tu. Na wale mabeki wawili wakamfuata! Mmoja huku, mmoja huku, mpaka kwenye chupa. Akiinua kichwa kunywa, nao wanamtazama anavyomeza. Na wakati huo katikati ya ngome ya wageni pamebaki wazi, uwazi wa kupitisha ng'ombe. Beki wa kulia wa kina Radi, mtu ambaye hajawahi kufunga bao katika maisha yake, akapita na mpira katikati pale, hakuna wa kumzuia, akapiga. Bao. Moja bila. Mpaka kipenga cha mwisho.

Mji ukalipuka. Beki wa kulia akabebwa mabegani. Kipa wa akiba akabebwa. Mwenyekiti wa kamati naye akabebwa, sijui kwa kazi gani. Radi hakubebwa na mtu. Alikuwa amekaa kwenye nyasi, anajaribu kuvua njumu na mguu haukunji.

Mwenyekiti alipopitishwa karibu naye, akainama kutoka kule juu akasema, "Shukuru Mungu vijana wamekuokoa. Nuksi yako ilikuwa nusura itumalize."

Aliyekuja kumsaidia kuvua njumu alikuwa mmoja wa wale mabeki wawili wa wageni. Alipiga magoti, akafungua kamba, akaona paja limevilia damu. Akashtuka.

"Kaka, umeumia lini?"

"Kabla ya mechi. Kwenye mazoezi."

Yule beki akakaa chini kabisa. "Kumbe ulikuwa mgonjwa muda wote? Sisi tumepoteza mechi kwa kukuchunga wewe! Hao wenzako hatukuwaogopa hata mmoja. Tulikuogopa wewe." Halafu akatazama umati unavyocheza kule mbali, akauliza, "Mbona wamekuacha hapa?"

Radi akamnyooshea mguu wa pili.

Sasa tuache mpira. Nawauliza ninyi mlioko hapa: katika uwanja ule, nani alijua thamani ya Radi? Watu wake? Watu wake walimwita mzigo. Kamati yake ilimwita nuksi. Aliyejua thamani yake alikuwa adui, na alimpangia watu wawili. Adui hapotezi watu wake bure. Halindi lango lisilo na hatari.

Mmetulia. Vizuri, maana sijamaliza.

Wote mnamfahamu Mama Tusekile, aliyekuwa akiongoza kwaya ya akina mama. Nimemwomba ruhusa nimtaje, akasema nimtaje. Baada ya Pasaka alipata kiharusi. Mdomo ulivutwa upande mmoja, maneno yanatoka polepole, mkono wa kulia haupandi. Sisi tukasema nini? Tukasema, "Mama apumzike." Neno zuri sana, apumzike. Sare yake ya kwaya tukampa mwingine. Kiti chake cha mbele tukakitoa ili kinanda kikae vizuri. Hatukusema ana nuksi. Sisi ni Wakristo, hatutumii maneno hayo. Lakini tulimpeleka kule kule walikopelekwa yule kipa na yule nahodha.

Juzi nilikwenda kwake. Alinikaribisha kwa shida, akaniambia amepata wageni wiki mbili mfululizo. Nikafurahi, nikadhani ni ninyi. Nikauliza ni akina nani. Akasema ni watu waliotumwa na mganga wa ng'ambo ya mto. Wanakuja, wanakaa, wanamwambia kuwa amerogwa, na aliyemroga ni mwanamke wa kwaya anayekitaka kiti chake. Wanamtaka aende kwa mganga ataje jina. Mara zote mbili amewafukuza, kwa ule mdomo uliopinda. Nikamuuliza, "Walikuja wangapi?" Akaniambia, "Wawili."

Wawili, wapendwa. Wawili, kwa mama mmoja asiyeweza kuinua mkono.

Mnaelewa alichokuwa anakifanya pale chumbani kwake? Angekubali kutaja jina moja tu, leo kwaya hii ingekuwa vipande, na familia mbili humu ndani zingekuwa hazisalimiani. Amesimama peke yake mbele ya lango la adui, na sisi huku tunaimba vizuri tunadhani ni kwa sababu ya mazoezi yetu ya Alhamisi.

Nikamuuliza tena, "Na wa kwetu, Mama, wamekuja wangapi?"

Akaniuliza kama ninakunywa chai.

Sitawaambia mfanye nini, ninyi si watoto wadogo. Nyumba yake mnaijua, iko nyuma ya kituo cha afya, mlango wa bluu. Na yeye si peke yake. Kila mmoja wetu hapa anajua mtu mmoja ambaye tulimwambia apumzike, tukamsahau. Adui hajamsahau, anajua anapokaa.

Tusimame tuimbe. Asiyeweza kusimama akae hapo hapo alipo, na wewe uliye karibu naye, sogea, uimbe naye.