Nguzo ya Pembeni kwa Navoneiwa

"Kabla ya kuvuta waya, iulize nguzo." Mmelisikia neno hili leo kwa mjomba wenu, mkabaki kuangaliana, eti nguzo inaulizwaje na haina mdomo! Haya, kaeni. Methali hii ilianza hivi, na msidhani nimesimuliwa. Nilikuwepo, na waya wenyewe niliuvuta kwa mikono hii hii.

Hapa Usangi palikuwa na mjane aitwaye Navoneiwa, jirani yangu wa kuazimana chumvi. Mwaka ule kicheche aliingia bandani mwake akammalizia kuku kumi na wanane kwa juma moja. Waya wa banda ulikuwa umelegea, na kicheche hahitaji mlango. Akipata pa kupenyeza kichwa, mwili unafuata. Navoneiwa alilia, siwafichi. Kuku wale ndio waliokuwa sabuni na sare za shule za wanawe.

Bahati nzuri, kikundi chetu cha akina mama kilikuwa kikigawa mitetea ishirini kwa zamu, na zamu yake ilikuwa imefika. Sharti lilikuwa moja: Alhamisi mkaguzi apite, ausukume waya wa banda jipya. Ukibonyea, mitetea inakwenda kwa mwingine, na wewe unarudi mwisho wa foleni, usubiri miaka mitatu.

Basi Jumanne shemeji yake Kajiru, ndugu wa marehemu, akaitisha msaragambo, maana kwetu kazi ya mmoja huitiwa kijiji. Tukaja watu kumi na wawili. Kajiru alikuwa mtu wa nguvu, na sauti yake ingetosha kukemea ng'ombe walio mlima wa pili. Alisimika nguzo zote sita kabla jua halijachoma, akakung'uta mikono.

"Shemeji," Navoneiwa akamwambia, "ile nguzo ya pembeni, pale ulipo..."

"Shemeji, wewe kaangalie makande yasiungue. Hapa pana wanaume."

Wanaume gani, na sisi wanawake tulikuwa watano? Lakini nani angembishia Kajiru! Navoneiwa alirudi mara ya pili, akajibiwa vile vile.

Ncha moja ya waya ilikuwa imepigiliwa kwenye nguzo ile ya pembeni. Ncha ya pili tukaishika sisi. "Haya, moja, mbili, vuta!" Tukavuta. Waya ukakaza, Kajiru akaupiga kwa kidole ukalia, tukapiga vigelegele. Kidogo tu, ukalegea.

"Hamvuti ninyi! Mmekuja kula? Vuta!"

Tukavuta tena. Ukakaza, ukalegea. Hakuna hata mmoja aliyegeuka kuitazama nguzo. Mara ya tatu tukatia nguvu zote. Lahaula! Nguzo ya pembeni iling'oka nzima nzima, ikazing'oa na nguzo nyingine mbili, nasi tukaanguka chali mmoja juu ya mwingine. Mimi niliangukia kifuani kwa mzee wa kanisa, na mpaka alipofariki hakunisalimia vizuri.

Navoneiwa alikuwa amesimama na mwiko mkononi, anautazama waya uliolala chini.

"Mmemaliza?" akauliza.

Kajiru akainuka anajipangusa vumbi. "Kama ardhi ya pale ni mbovu, ungesema mapema!"

"Nilisema mara mbili, shemeji. Hapo palikuwa shimo la taka. Nililifukia mwenyewe, kwa jembe langu. Wewe ukanituma kwenye makande."

Akauweka mwiko chini, akachukua jembe.

"Sasa nipisheni," akasema.

Alichimba mpaka akaukuta udongo mwekundu, mgumu, mkono wake ukazama hadi begani. Akaisimika nguzo, akazirudishia na zile mbili, akashindilia mawe, kisha akaiwekea mti wa kuegemea upande ule inakovutwa na waya. Halafu akapitisha gongo kwenye matundu ya waya, akalisukuma polepole kama wenzo mpaka waya ukakaza, mimi nikigongelea misumari. Hakuhitaji watu kumi na wawili. Kajiru ndiye aliyekuwa akimletea mawe.

Alhamisi mkaguzi akaja, mama mmoja mnene wa kijiji cha jirani. Hakuusukuma waya kwa mkono. Aligeuka akauegemea kwa mgongo wote. Navoneiwa akashika kifua. Waya ukamrudisha yule mama wima.

"Ala! Hii ni kazi," akasema. "Fundi nani? Kajiru, ni wewe?"

Sote tukamtazama Kajiru. Angeweza kuitikia tu, na mgeni asingejua.

Akavua kofia. "Mimi ndiye niliyeliangusha banda. Fundi ni mwenye banda. Nilivuta waya sikuiuliza nguzo, mama, na nguzo yenyewe nilikuwa nimeituma jikoni."

Mitetea ishirini ikashushwa saa ile ile. Tangu hapo, watu wakianza kupanga jambo na hawajamsikiliza atakayelibeba, kwetu huambiwa: kabla ya kuvuta waya, iulize nguzo.