Nyayo za Jana Kwenye Barafu

Wapendwa, kulikuwa na mkimbiaji mmoja, mzaliwa wa milimani kama sisi, ambaye riadha ilimpeleka kuishi nchi za baridi. Sisemi baridi hii yetu ya Julai, ambayo mnaifanya kisingizio cha kutokuja ibadani. Chekeni tu, mnajijua. Nasema baridi inayogandisha ziwa zima, hata watu wanatembea juu yake, wanatoboa tundu na kuvua samaki.

Mkimbiaji huyu alikuwa ameumia goti, akakaa mwaka mzima bila mazoezi. Zilibaki wiki tisa kabla ya mbio kubwa, na klabu yake ilishamwambia wazi: usipokimbia hizi, tunakuacha, urudi kwenu. Basi akarudi mazoezini kwa pupa. Barabara zilikuwa zimeganda, zinateleza kama sabuni, akaona afadhali ziwani, ambako theluji ilikuwa imetandaa vizuri. Siku ya kwanza akavuka salama. Siku ya pili akavuka tena, akatazama saa yake, kumbe ameongeza kasi. Alifurahi huyo!

Siku ya tatu asubuhi akamkuta bibi mmoja ameketi kando ya tundu lake, anavua. Bibi akamnyooshea fimbo ndefu.

"Mwanangu, leo usipite kule mto unakoingilia. Jana mchana jua limepiga sana, na maji ya mto hayatulii. Barafu ya pale imekuwa nyembamba."

"Bibi, jana asubuhi nimepita palepale. Nyayo zangu si zile?"

"Nyayo naziona. Lakini mimi nina miaka sabini hapa, na kila siku naigonga barafu kwa fimbo kabla sijakanyaga."

"Asante bibi, nina haraka."

Mnauona ubishi huo? Akaenda, anakanyaga nyayo zake mwenyewe, moja baada ya nyingine. Karibu na mdomo wa mto akasikia chini: kraa! Mstari mweusi ukapita kati ya miguu yake. Sasa niambieni, mkimbiaji akiogopa hufanya nini? Anaongeza mwendo! Ndivyo alivyofundishwa tangu shuleni: ukisikia mtu anahema nyuma yako, kaza. Akakaza. Na kila alipokanyaga kwa nguvu barafu ikazidi kupasuka, mpaka mguu mmoja ukazama hadi gotini, goti lilelile.

"Acha kukimbia!" bibi akapiga kelele, anakuja nyuma yake na fimbo. "Lala! Lala kifudifudi, utambae!"

Atambae? Yeye? Kifua kilichovaa medali kiburuzwe kama gunia? Ndugu zangu, alibishana na nafsi yake huku maji yanampanda. Kisha akalala. Akajivuta kwa viwiko, analia waziwazi, na barafu iliyokataa kumbeba amesimama ikambeba amelala. Yule bibi naye akalala kwa tumbo, na miaka yake sabini, akamsogezea fimbo. Akaishika, akavutwa, akapona.

Haya, miguu ya bingwa ilimsaidia nini pale?

Tuje kwetu sasa. Sisi tunaacha kuomba mwaka mzima, halafu tunarudi Jumapili moja tunataka kuongoza kwaya palepale tulipoachia. Tukiambiwa, "Dada, tulia kwanza," tunawaka: "Nimeokoka kabla yenu, mnanijua?" Hizo ni nyayo za jana! Ni za kweli, sikatai, lakini leo hazikubebi. Na ndoa ikilia kraa, nyumba ikianza kupasuka, tunafanya nini? Tunaongeza mwendo. Maneno zaidi, vikao zaidi, sauti juu zaidi, ilimradi tusionekane chini mbele za Mungu tukisema: Baba, nazama.

Mbona amina yenu imepoa?

Kwenye karatasi yangu hapa nimeandika kwamba baada ya neno hili tusimame tuimbe. Jamani, tusisimame. Mzee wa kanisa, sahau suti yako. Mama, kitenge kitafuliwa. Na mimi mchungaji wenu nitatangulia kulala hapa sakafuni, maana ni wiki ya sita hii nawahubiria kwa maombi ya mwaka jana.

Sogezeni viti.