Anayekubali na Akanyage

Hapo kale, kale ile yenyewe, wakati mimi bado sijazaliwa na dunia haijui inachokikosa, wanyama walikuwa na nyumba zao, masufuria yao, majirani wa kugombana nao, na mpira wa magongo.

Wewe pale unacheka. Unadhani magongo yameanza na shule yenu? Nguchiro walikuwa wakipiga magongo kabla babu wa babu yako hajavaa kiatu. Gongo limepinda mwishoni, mpira ni mdogo na mgumu, unausukuma chini kwa chini mpaka golini. Uhodari wote uko kwenye kuutuliza. Mpira ukija unaunasa kwa gongo, tuli. Ukikuruka, umekwisha.

Basi, palikuwa na binti wa nguchiro akiitwa Sikudhani. Alilelewa na shangazi yake, Bi Semeni, mjane mdogo wa umbo mwenye ulimi usiolala. Sikudhani alikuwa fundi wa gongo. Karibu kama mimi. Si sana, karibu.

Taabu ilikuwa uwanja. Uwanja gani ule, vichuguu huku, mashimo ya panya kule, vifundo vya nyasi katikati. Mtu anakupasia mpira vizuri, unakuja srrr, unagonga kichuguu, pwaa, unapaa juu ya kichwa chako. Halafu watu wanasema wewe ndiye hujui.

Siku moja Kocha Mbuni wa timu ya ng'ambo ya mto alipita kumtazama. Mpira wa kwanza ukagonga kichuguu, ukamruka Sikudhani. Wa pili ukamruka. Wa tatu ukamwangusha kabisa. Kocha akakunja shingo yake ndefu.

"Mbio anazo," alimwambia Bi Semeni, "ila mpira haumtii. Kesho asubuhi napita tena hapa nikirudi kwetu. Ukimruka tena, nafasi nampa mtoto mwingine. Nimebakiza moja tu."

Sikudhani hakulia mbele ya kocha. Alilia jikoni, akasingizia moshi wa kuni.

Bi Semeni akajifunga kanga kiunoni, akaenda moja kwa moja hadi barazani kwa Kiboko. Hapo ndipo wakubwa walipokuwa wakishinda tangu asubuhi na kahawa yao: Mzee Kifaru, Mama Tembo, na mwenye baraza mwenyewe.

"Wazee wangu, shikamooni."

"Marahaba, Semeni. Kahawa?"

"Leo nimekuja kuomba miguu. Uwanja wa watoto umejaa vichuguu. Nyinyi mkipitapita pale leo tu, utanyooka kama mkeka. Kesho kocha anarudi kumtazama Sikudhani."

Mzee Kifaru akaweka kikombe chini. "Yule binti mwembamba kama ufito? Kwanza tujue, atakuwa nyota au hatakuwa? Siwezi kuchosha miguu yangu kwa ajili ya mtu ambaye mwakani atakuwa anauza karanga."

"Atakuwa nyota," alisema Mama Tembo. "Nimemwona kwa macho yangu."

"Na mimi nimemwona. Mpira ulimpita katikati ya miguu."

"Wewe Kifaru uone nini? Juzi ulikiamkia kichuguu shikamoo, ukakasirika hakikuitikia."

"Kilikuwa kimekaa kama mtu mzima."

Kiboko akapiga mwayo, mdomo wote ukaonekana hadi mwisho. "Mimi naona wote wawili mmesema kweli."

"Hujaulizwa," walisema wote wawili.

"Basi, shemeji Semeni," alisema Kiboko, ambaye alipenda kumtania hivyo ingawa hakuwa shemeji yake, "ngoja tukubaliane kwanza. Tukishakubaliana tutakuja kukanyaga."

Bi Semeni akawatazama. Aliwajua hawa. Walikuwa wamebishana kuhusu mvua ya mwaka jana, na mpaka siku ile hawakuwa wamekubaliana kama ilinyesha. Angewasubiri, Sikudhani angekuja kuwa bibi kizee na gongo lake mkononi.

"Mmesema vizuri wazee wangu," alisema kwa sauti ya adabu. Mkimwona mtu mdogo ana adabu nyingi ghafla, shikeni mifuko yenu. "Jambo zito kama hili halifai kujadiliwa na vikombe mkononi. Twendeni uwanjani kwenyewe tukalijadili kwa desturi. Mimi mdogo wenu nitasimamia."

Wakubwa wakafurahi. Hakuna walichokipenda kama mjadala wa desturi. Na desturi ya wanyama ilikuwa hivi: anayekubali neno la msemaji hapigi makofi, anakanyaga chini kwa nguvu. Akikubali kidogo, mguu mmoja. Akikubali sana, yote minne.

Mmeanza kucheka tena. Ngojeni, sijafika.

Bi Semeni akachukua kigoda, akakiweka kando ya kichuguu kikubwa kuliko vyote. Akapanda juu yake.

"Hoja ya kwanza. Sikudhani ana mbio. Anayekubali na akanyage."

Mama Tembo akainua mguu, du. Kichuguu kikawa unga.

"Lakini swala naye ana mbio, na gongo hajui hata kulishika. Anayekubali?"

Mzee Kifaru akakanyaga, du, du. Shimo la panya likafukika. Kiboko, aliyekubali maneno yote mawili, akapiga yote minne mara mbili, na vumbi likapanda mpaka wakakohoa.

"Samahanini wazee," alisema Bi Semeni, "hapa pana siafu. Tusogee kidogo."

Wakasogea. Kigoda kikatua penye vifundo vya nyasi.

"Sikudhani hulala na gongo lake kitandani. Anayekubali kwamba hiyo ni bidii?"

Du, du, alikubali Mama Tembo.

"Anayesema huko ni kuharibu shuka tu?"

Du, du, du, alisema Kifaru.

"Hapa Mzee Kifaru hasikii vizuri. Tusogee."

"Nani kasema sisikii?" aliuliza Kifaru.

"Mnaona? Tusogee."

Wakasogea. Mara jua lilimpiga Mama Tembo machoni, wakasogea. Mara upepo ulitoka upande wa Kiboko. "Usinichukie shemeji," alisema Bi Semeni akiwa ameziba pua kwa kanga, "ila tuhamie upande ule." Wakahama. Du kwa hapa, du kwa kule. Kila mmoja alikanyaga kwa hasira kuliko mwenzake, ili upande wake usikike zaidi.

Nyuma ya nguzo ya goli alikuwa amejibanza Sikudhani mwenyewe. Alikuja kusikia watu wazima wanasema nini juu yake. Na kitu hicho, nawaambieni, msikifanye.

Akamsikia shangazi yake: "Tena mtoto mwenyewe akikosa mpira hukata tamaa upesi. Anayekubali?"

Du, du, du, du.

Sikudhani akatoka alipojificha. Akaja hadi kwenye kigoda, akashika pindo la kanga.

"Shangazi, hata wewe?"

Bi Semeni akashuka, akainama sikioni kwake. "Umesimama wapi?"

"Uwanjani."

"Hapo ndipo kilipokuwa kichuguu kilichokuangusha mbele ya kocha. Hebu kitafute."

Sikudhani akatazama chini. Akapapasa kwa mguu. Ardhi ilikuwa laini kama sakafu iliyosiribwa jana. Akatazama nyuma yake, akatazama kushoto. Mdomo ukafunguka.

"Ufunge," alinong'ona shangazi. "Uende ukawapikie wazee uji. Na usicheke mpaka ufike nyumbani."

Jua lilipokaribia kuzama Mzee Kifaru alikuwa akichechemea. "Semeni, tumefikia wapi?"

"Mmetoshana nguvu, mzee wangu. Hakuna aliyeshinda."

"Kwa hiyo mjadala haujaisha."

"Haujaisha hata kidogo. Kunyweni uji mkapumzike."

Asubuhi Kocha Mbuni akaja na mpira wake, na wachezaji wake watatu, nyani wenye mikono mirefu. Wakubwa nao wakaja kutazama, kila mmoja akiwa tayari kumwambia mwenzake si nilikwambia.

Kocha akapiga mpira wa kwanza. Srrrrr. Ukaja chini kwa chini bila kuruka hata kidogo. Sikudhani akaweka gongo. Tuli.

Akapiga wa pili kwa nguvu zaidi. Tuli.

Wa tatu akaupiga kwa hasira, maana kocha naye ni mtu. Sikudhani akaunasa, akaugeuza, akampita nyani wa kwanza kulia, wa pili kushoto, wa tatu akabaki amekaa chini akiulizana na mkia wake. Halafu, ko. Ubao wa goli ukalia hadi ng'ambo ya mto.

Kocha akainyoosha shingo yake. "Kama atakuwa nyota sijui," alisema. "Shingo yangu ni ndefu, lakini haioni mwakani. Ila kuutuliza anajua. Nafasi ni yake. Binti, kaage watu wako."

Mama Tembo akapiga mbiu. Kiboko akasema alijua tangu mwanzo, pande zote mbili. Lakini Mzee Kifaru alikuwa ameinamisha pua chini, anaunusa uwanja.

"Uwanja huu ulikuwa na vichuguu," alisema polepole. "Vimekwenda wapi?"

Bi Semeni akakaza kanga yake kiunoni. Kiboko akatazama nyayo zake zilizovimba. Mama Tembo akatazama zake.

"Semeni." Pembe ya Kifaru ikainuka. "Umetuchezea. Siku nzima tunajadili kumbe tunalimishwa."

"Mlijadili pia, mzee wangu," alisema Bi Semeni akirudi nyuma hatua moja, kisha nyingine. "Hoja zenu zote ninazo kichwani."

Kifaru akamfuata. Bi Semeni akaishiwa nafasi, nguzo ya goli ikamgusa mgongo.

Ndipo Sikudhani akapita kati yao. Aliweka gongo lake chini, akapiga magoti mbele ya mguu wa Kifaru uliokuwa ukichechemea, akaupapasa. Katikati ya kwato mlikuwa na mwiba mrefu wa mgunga. Kwa vile vikucha vyake vyembamba, akauchomoa taratibu.

"Babu," alisema, "asante kwa mguu huu."

Akahamia wa pili. "Na huu, asante."

Akamaliza yote minne ya Kifaru, akaenda kwa Mama Tembo, akaenda kwa Kiboko, mguu kwa mguu, hakuruka hata mmoja. "Jana sikuwa na pa kuchezea," alisema alipomaliza. "Nikiitwa nyota ama nikiishia kuuza karanga, leo mpira ulinitii. Siwezi kuwasahau."

Pembe ya Mzee Kifaru ikashuka. Alipepesa macho yake mabovu, akasingizia vumbi.

"Semeni," alisema. "Ule mjadala. Si ulisema haujaisha?"

"Haujaisha, mzee wangu."

"Nyuma ya goli pale nimehisi kichuguu kimoja. Tulikiruka."

"Kweli, mzee. Jua lilituwahi."

Kifaru akazunguka goli, akitafuta kwa pua mpaka akakipata. Akamgeukia yule binti, ingawa nadhani alikuwa anaitazama nguzo.

"Atakuwa nyota," alisema. Akainua miguu yote minne.

Du.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Na mimi bingwa wenu, uwanja wangu pale nyuma ya kisima walioufyeka ni mama zenu hawa hawa mnaowakimbia wakiwatuma sokoni, ndiyo maana nikifunga bao nawapungia wao kwanza. Hadithi yangu imefika kwake, nanyi rudini kwenu.

Kabla hujajisifu kwa bao lako, mshukuru aliyekusawazishia uwanja.