Nukta Saba Zilizonyamaza

Wahenga hawakuwa na viwanda, lakini walijua kwamba kinachopiga kelele hujieleza, na kinachonyamaza kina lake moyoni. Asiyeamini na aulize katika kiwanda kimoja cha sabuni, ambako paa la chumba cha tangi lina kiraka cha duara, kikubwa kama meza ya watu sita.

Mwanamke aliyepima tangi hilo la mvuke aliitwa Bi Nukta. Kila nusu saa alisoma kipimo cha presha, akatia nukta kwenye karatasi ya miraba iliyobandikwa ukutani. Katikati palikuwa na mstari mweusi. Juu na chini, mistari myekundu. Nukta ikivuka mwekundu, kazi husimama. Kwa miaka kumi na mmoja nukta zake zilipanda na kushuka kama mbuzi mlimani, zisivuke.

Asubuhi moja zikaacha kucheza. Ya kwanza ilitua juu ya mstari mweusi. Ya pili, hapohapo. Ilipofika ya saba, zilikuwa zimejipanga kama macho yasiyopepesa, na Bi Nukta akahisi yanamtazama. Hata mngurumo wa tangi ulikuwa umefifia, kama mtu anayebana pumzi.

Akapanda ofisini kwa bosi. Bosi alichanua kama bwana harusi, akasema hiyo ndiyo kazi safi, karatasi itiwe fremu. Hakuna nukta iliyogusa mwekundu, basi kazi isimame kwa lipi? Akamwonya kwamba atakayezima moto wa tangi siku hiyo ajihesabu hana kazi.

Bi Nukta akashuka chumba cha tangi. Mtunza moto alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, ameketi kwenye kigoda, kikombe cha chai sakafuni.

"Umekuja kunikagua, shemeji, au umenikumbuka tu?" alitania. "Leo limetulia kama mtoto aliyeshiba."

"Mtoto akinyamaza sana, mama mwenye akili huacha sufuria akaenda kutazama."

Akagonga kioo cha kipimo. Mshale haukutikisika. Lakini pale sakafuni, chai ilikuwa ikitetemeka.

"Kilicho hai huyumba, shemeji. Huu mshale umekufa. Zima moto tutoke."

Shemeji aliitazama chai, utani ukamkauka mdomoni. Akazima moto, wakatoka mbio.

Bosi aliposikia mashine zimenyamaza, aliinuka kitini, akashuka hadi uani ameshainua kidole cha kumfukuza mtu kazi. Kidole kiliganda hewani. Mfuniko wa tangi ulipasua paa, ukapaa hadi ukawa mdogo kama kifungo cha shati, ukatulia kidogo kana kwamba unachagua, kisha ukashukia ofisini, juu ya kiti chake kilichokuwa bado na joto.

Baadaye waligundua kwamba bomba la kipimo lilikuwa limezibwa na utando wa sabuni tangu alfajiri. Bosi aliitia fremu karatasi ile kama alivyoahidi, na chini ya zile nukta saba akaandika: kimya kingi kina mshindo mkubwa.