Ngoma ya Bi Sihaba

"Ngoma iliyolala hupashwa moto." Mlimsikia shangazi yenu akimwambia hivyo baba yenu juzi, pale nyinyi mlipokuwa mmeshika mbavu kwa kicheko, kwa sababu yeye, mtu mzima aliyestaafu na mvi zake, amejinunulia fidla na kila asubuhi anaikwaruza kama paka aliyebanwa na mlango. Mmecheka mpaka machozi, kisha ndiyo mnakuja kuniuliza maana. Maana mtaiona wenyewe. Mimi nitakwambieni ilikotoka tu, na atakayenikatiza nitaanza upya.

Methali hii ilianzia kijiji cha Mgambani, kusini mwa Unguja, kwa mwanamke mmoja akiitwa Sihaba.

Sihaba alitoka katika watu wa ngoma. Shangazi yake, Mwanakombo, alimfundisha kupiga tangu akiwa mdogo, na alipoona mkono wa mtoto umekaa sawa, akampeleka kwa seremala akachongewa mzinga wa ngoma kwa mti wa mfenesi. Ngozi ya mbuzi aliiwamba shangazi mwenyewe. Ilikuwa ngoma ndogo, ya kubana magotini, na sauti yake kali iliwatoa watu majumbani. Siku hizo harusi bila Sihaba ilikuwa pilau bila bizari. Watu walikula, lakini walijua kuna kitu kimekosekana.

Akaja kuposwa na Vuai, mchoma chokaa wa Mgambani, kijana mtaratibu asiye na makuu. Akaolewa, akahamia kwa mumewe, na ngoma yake akaja nayo kwenye sanduku pamoja na kanga. Fungate ilipokwisha, mama mkwe wake, Bi Mize, alisimama mlangoni. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na akishasema amesema.

"Mwanangu, hapa ni kwako," alisema. "Lakini katika nyumba hii mke hapigi ngoma. Itundike."

Sihaba akaifunga ngoma ndani ya kanga kuukuu, akaitundika nyuma ya mlango wa chumba. Hakubisha. Mwali wa siku saba atabishana na nani? Akazaa, akalea, akaozesha. Kazi yake ikawa kupiga makumbi ya nazi yaliyooza kwenye tope la pwani, kutoa nyuzi za usumba na kusokota kamba. Miaka thelathini na moja ikapita, na shangazi Mwanakombo akafariki.

Mtoto wa mwisho alipoolewa, nyumba ikapwaya. Walibaki watatu: Sihaba, mumewe, na Bi Mize ambaye sasa alikuwa amefika miaka themanini, macho yamefifia na muda mwingi yuko kitandani. Siku moja Sihaba alikuwa pwani anapiga makumbi na wenzake, mara wenzake wakanyamaza wote. Alipoinua macho aliwakuta wanamtazama.

"Bi Sihaba," alisema jirani yake, Mkasi, "unapiga makumbi au unatupigia ngoma?"

Gongo lilikuwa limeshika mdundo bila mwenyewe kujua. Sihaba aliona haya, akacheka. Lakini aliporudi nyumbani alikwenda moja kwa moja nyuma ya mlango, akaitungua ngoma, akakaa nayo kitandani. Hakuipiga. Aliipangusa vumbi tu, na moyo ukamwenda mbio kama msichana aliyeletewa barua.

Huyo Mkasi alikuwa na baraza lake la wanawake. Kila Jumatano alasiri watu wazima wale walikutana uani kwake. Mmoja anasuka ukili, mwingine anatoboa kofia ya viua ambayo haina hata kichwa cha kuivaa, wengine wanaimba. Hawakuwa na mashindano wala mteja. Ukiwauliza wanafanya nini watakwambia wanapumua. Sihaba alikuwa akipita nje tu siku zote. Jumatano ile aliingia, ngoma kwapani.

Wakampisha nafasi, wakampigia vigelegele vya kumkaribisha. Akaibana ngoma magotini, akavuta pumzi, akapiga.

Pwa.

Akapiga tena. Pwa, pwa. Ilikuwa masika, mvua imenyesha wiki tatu, na ngozi ile ililegea ikawa kama gunia bichi. Wanawake walijikaza, wakashindwa, uani kukaripuka kicheko. Sihaba naye alicheka nao, kwa sababu usipocheka nao watacheka zaidi. Lakini kilimuingia. Usiku ule alivitazama vidole vyake vilivyokakamaa kwa makumbi, akasadiki kwamba mkono umekufa.

Sasa nyinyi mtaniuliza: mtu wa ngoma asijue kuwa ngozi ikilegea hupashwa moto? Alijua sana. Alijua tangu ana miaka saba. Lakini ngozi ile ilikuwa na umri wa wajukuu zake mara tatu, na mkono ulioiwamba ulikuwa kaburini. Moto ukiizidi ngozi kongwe huipasua, na ikipasuka haishoneki. Basi Sihaba aliilinda. Hakuiweka hata karibu na jiko la chai. Kila alasiri, Bi Mize akijilaza, alikwenda nyuma ya banda la kuku akaipiga vile vile ilivyo, polepole, akitumaini kwamba mkono ukifufuka ngozi nayo itafuata. Pwa, pwa, pwa. Kuku walizoea, wakaacha hata kugeuka.

Vuai alimwona, akamwambia kwa upole, "Mke wangu, kila umri na starehe yake. Tafuna tambuu, utazame wanao wakicheza." Hakuwa na ubaya. Alidhani anamfariji.

Ikafika wiki ya Idi. Baraza la Mkasi lilikuwa limepanga kupiga ngoma kiwanjani siku ya Idi pili, mbele ya kijiji kizima, kwa raha zao tu. Mkasi alikuja kwa Sihaba, akazunguka sana na maneno, mara hali ya hewa, mara bei ya mchele, mpaka Sihaba mwenyewe akamhurumia.

"Shoga, sema lililokuleta."

"Shoga, tumeonelea… ngoma tumpe mwengine. Wewe utashika mkwasa." Mkwasa ni vijiti viwili vya kugonganisha. Hupewa mtu ambaye hamtaki kumwacha nje na hamjui mumpe nini.

"Haya," alisema Sihaba.

Mkasi alipoondoka, Sihaba alikaa kizingitini muda mrefu. Uchungu aliousikia haukuwa wa mkwasa. Aliona kwamba sehemu ya nafsi yake aliyoiweka nyuma ya mlango, akiamini kuwa siku moja atairudia, haipo tena. Akainuka, akachukua ngoma. Jirani yake wa pili alikuwa akitafuta kitu cha kuatamishia kuku. Ngozi ikitolewa, mzinga utafaa.

Alipotoka barazani ngoma ikagonga mlango, pwa, akasikia sauti.

"Unakwenda wapi na ngoma hiyo?"

Bi Mize alikuwa amekaa kwenye kitanda cha kamba, mkongojo mapajani. Sihaba alisimama kama mwizi. Miaka thelathini na moja hawakuwahi kulitaja jina la kitu kile baina yao.

"Naipeleka kwa jirani, mama. Kuku wake apate pa kuatamia."

"Kuku!" Bikizee aligonga mkongojo chini. "Leta hapa."

"Nisamehe, mama. Najua ulinikataza. Nilikuwa nikiipiga nyuma ya banda, ukiwa umelala."

"Nimelala wapi, mwanangu? Macho ndiyo yamekufa, masikio haya mazima. Toka masika yaanze, kila alasiri najilaza, na kila alasiri pwa, pwa, pwa dirishani. Kwa usingizi upi?" Sihaba aliinamisha kichwa akingoja karipio. Bi Mize akanyoosha mikono, akaipokea ngoma, akaipapasa ngozi kwa kidole gumba kutoka ukingoni kwenda katikati. Halikuwa papaso la mtu asiyejua ngoma.

"Mkono wako hauna kosa," alisema. "Hii ngoma imelala. Ngoma iliyolala hupashwa moto. Nenda kawashe makumbi."

Sihaba alimtazama. "Mama, unajua ngoma?"

Bi Mize aliipapasa ngozi tena.

"Mie nilikuja katika nyumba hii na yangu," alisema. "Fungate ilipokwisha, mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alisimama mlangoni pale pale nilipokusimamia wewe, akaniambia maneno yale yale. Nikaitundika. Siku nilipoitungua ilikuwa imeliwa na mchwa, imebaki ganda. Ulipokuja wewe nikakwambia nilivyoambiwa. Sikujiuliza hata siku moja kwa nini. Nimekudhulumu, mwanangu, na nimekudhulumu kwa kitu ninachokijua utamu wake."

Sihaba alifuta machozi kwa ncha ya kanga, akaenda kuwasha makumbi.

Makumbi makavu hayawaki kwa pupa, yanafuka na kushika kaa taratibu. Yakishakuwa mekundu, Bi Mize akaagiza ngoma iinamishiwe moto kwa umbali wa dhiraa moja.

"Itapasuka, mama," alisema Sihaba. "Ni ya shangazi. Sina nyengine."

"Hivyo ilivyo unayo? Izungushe. Usiisimamishe pahala pamoja."

Akaizungusha. Ngozi ikatoa mvuke, kisha ikalia kwa ndani, kriii. Sihaba akaruka nyuma nayo. Bikizee akamwita arudi. "Hiyo inajinyoosha. Hata mie nikiamka asubuhi nalia hivyo hivyo. Rudisha." Sihaba akacheka huku analia, akairudisha. Wakaendelea, mmoja anazungusha, mwengine anapapasa kila baada ya kitambo na kusema bado, bado. Hatimaye Bi Mize akasema, "Haya. Sasa iulize."

Sihaba akaigusa kwa ncha za vidole tu.

Tang!

Kuku wote wa banda waliruka. Sihaba akaibana magotini, na mikono ile aliyoiona maiti ikaondoka yenyewe, ikapita kwenye midundo ya harusi alizozisahau, moja baada ya moja, bila kukosea njia. Alipiga mpaka jasho likamlowesha kanga. Alipoinua macho alimkuta Vuai amesimama uani, ametoka msikitini, kandambili mkononi, kinywa wazi, anamtazama mama yake mzazi akitikisa mabega kitandani.

"Usisimame tu hapo," Bi Mize alimwambia mwanawe, "kalete makumbi zaidi."

Siku ya Idi pili kiwanja kilifurika. Mkasi, aliyekuwa ameisikia ngoma ikilia uani kwa jirani yake, alishika mkwasa yeye mwenyewe, na akafurahi nao kuliko mtu yeyote. Sihaba alikaa katikati, ngoma imepashwa, akapiga kwa namna ambayo vijana waliolijia disko walisahau disko lao. Wanawake wa makamo walitoka mmoja mmoja kwenye mikeka, wakaingia uwanjani. Wazee wa kiume wakajifanya wanatazama watoto, huku miguu inacheza. Vuai hakujifanya. Alicheza vibaya sana, na kwa furaha.

Bi Mize alikuwa amebebwa kwenye kiti mpaka pembeni ya wapigaji. Katikati ya ngoma, mdundo ukakatika ghafla. Watu wakageuka. Sihaba alikuwa ameinuka, anakwenda kwa mama mkwe wake. Akapiga magoti mbele yake, akamwekea ngoma mapajani.

"Mie?" alisema bikizee. "Wewe mwana, una wazimu? Miaka sitini sijagusa. Tazama mikono, baridi kama ya maiti. Watu watanicheka."

Sihaba akaichukua mikono ile miwili, akaitia baina ya viganja vyake vilivyokuwa vinachemka kwa kupiga, akaanza kuisugua taratibu, bila haraka, mbele ya kijiji kizima.

"Mama," alisema, "ngoma iliyolala hupashwa moto."

Wale waliokuwa karibu waliisikia, wakawapitishia walio nyuma, na kiwanja kikanyamaza. Bi Mize akapiga. Dundo la kwanza lilikuwa dogo, la pili likapotea njia, la tatu na la nne yakashikana. Ulikuwa mdundo wa zamani ambao hakuna aliyekuwa hai Mgambani aliyeujua isipokuwa yeye, na uso wake siku ile ulikuwa uso wa mwali. Vigelegele vilivyopigwa vilisikika kijiji cha pili.

Toka siku hiyo hakuna mwali aliyeambiwa atundike chochote katika nyumba ile. Na Mgambani kote, mtu wa makamo akianza kujifunza kushona kofia, kuchonga, au kukwaruza fidla alfajiri mpaka majirani wajifunike mito masikioni, hakuna anayemuuliza ana umri gani. Humsogezea kiti, wakamvumilia mpaka ashike, wakaambiana: ngoma iliyolala hupashwa moto.